Mgeni hali chakula kwetu, sasa amekuja kufanya nini?

Mwaka jana mwezi wa saba nilikuwa mkalimani wa timu moja ya wamisionari wa muda mfupi, walikuja huku Kigoma siku kumi, vijana wazuri tu, wanaimba, wanacheza na watoto, na kwa kweli sina ugomvi nao kama watu. Ila kuna jambo lilitokea kwa bibi mmoja kule Ujiji limenikaa rohoni mpaka leo, ngoja nilitoe.

Bibi huyu ni mjane, muumini wetu. Aliposikia wageni watapita kwake kuomba akamtuma mjukuu mwaloni, kule wanakoshusha samaki, kununua migebuka, kwa hela ambayo najua kabisa hakuwa nayo, akaiunga na mawese, akasonga ugali wa muhogo, akatandika mkeka. Tumefika saa saba mchana watu kumi na mmoja, mashuka yamefuliwa, uwanja umefagiwa hadi mistari ya fagio inaonekana. Kiongozi wao akanivuta pembeni, akaniambia wana utaratibu, hawaruhusiwi kula nje ya hoteli. Basi wakaomba, wakapiga picha na bibi na sufuria lake, wakafungua mabegi wakatoa biskuti wakawagawia wajukuu. Bibi akanitazama, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwani chakula changu kina sumu?" Kiongozi akauliza, anasemaje? Nikamwambia anasema karibuni sana, Mungu awabariki.

Huo ndio ukalimani wetu jamani, tunatafsiri maneno yanayoleta misaada na yale mengine tunayameza.

Najua mtaniambia tumbo la mgeni halijazoea, wakiugua itakuwa kesi. Sawa, nakubali, lakini si wangeuliza mapema? Mimi ningemwambia bibi awachemshie ndizi na chai, angefurahi na hela yake ya samaki ingebaki. Hakuna aliyeuliza kwa sababu ratiba ilitoka huko kwao imeshapangwa, saa saba mpaka saa saba na nusu kutembelea wajane, saa nane shule, na sisi wenyeji tulipewa nakala tu tuitekeleze.

Halafu ukisoma Luka sura ya 10 unashangaa. Yesu anawatuma watu wawili wawili, safari fupi, yani misheni ya muda mfupi kabisa, na anawaambia wasichukue mfuko wala mkoba wala viatu, wakiingia kwenye nyumba wakae humohumo, wale watakachopewa, wasihamehame. Yani wanaenda mikono mitupu, wenyeji ndio wenye chakula! Sisi tumegeuza, mgeni ndiye anakuja na mabegi na mwenyeji ndiye anapanga foleni.

Na sisi wa Ujiji historia hii tunaikanyaga kila siku. Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi Mskoti, aliporudi hapa mwaka 1871 kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, alikuta bidhaa zake alizozitegemea zimeshauzwa, akabaki mgonjwa, hana kitu, anaishi kwa fadhila za watu mpaka Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alipomfikia. Watalii wanaenda pale kwenye mwembe kupiga picha na ile salamu maarufu ya Stanley, "Dr. Livingstone, I presume?", mi huwa nafikiria zile siku za njaa kabla ya ile salamu. Wale mapadri wa White Fathers, shirika la wamisionari Wakatoliki, nao walifika Ujiji 1879, na mwanzilishi wao Kardinali Lavigerie aliwaagiza waongee lugha ya watu, wale chakula chao na wavae kama wao. Siwasifii kwa kila kitu, walikuwa na mambo yao. Ila fikiria Adrien Atiman, mtu wa Afrika Magharibi, alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, hao mapadri wakamkomboa, akasomea udaktari Malta, wakamleta Karema hapo kusini mwa ziwa hili hili letu la Tanganyika. Alitibu watu zaidi ya miaka 60, akafa hukohuko 1956. Simwambii mtu wa wiki mbili awe Atiman, ila wiki mbili zako zinatakiwa ziingie chini ya kazi ya mtu anayebaki, zisiipande kichwani.

Mfano mwepesi. Ujiji Waislamu ni wengi, wengine ni mashemeji zetu, tunazikana, tunaalikana Idi na Krismasi. Siku moja timu nyingine ilitaka kugawa vipeperushi vya injili karibu na msikiti, tena Ijumaa, watu ndo wanatoka kuswali. Mzee wetu wa kanisa ndiye aliyewazuia, kistaarabu tu, wakanuna wakasema tunaogopa. Wao Jumatatu wanapanda ndege, sisi Jumatatu hiyohiyo tunaenda dukani kwa hao hao majirani kukopa sukari.

Mambo ya dawa ndo sitaki hata kuanza, ila niseme moja. Daktari mgeni anatakiwa apate usajili wa muda kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika kabla hajamgusa mgonjwa, haijalishi ana nia njema kiasi gani, na miongozo ya WHO, Shirika la Afya Duniani, inataka dawa za msaada zikifika ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Kama kwenu huwezi kutibu bila leseni, kwetu unatibuje? Halafu mgonjwa wa presha umempa vidonge vya wiki mbili umeondoka, ya tatu anameza nini?

Sasa nisije nikaonekana nawakataa wote. Alikuja mzee mmoja, fundi umeme mstaafu, peke yake, kwa sababu zahanati ya kijiji kimoja ng'ambo ya Mwandiga umeme wa sola ulikuwa unakata usiku na kanisa liliomba msaada. Kila mtu alitegemea ataleta mitambo. Alikuja na mkoba mmoja wa spana. Siku ya kwanza hakugusa kitu, alikaa kwenye benchi na fundi wetu wa hapa anauliza, umeme unakata saa ngapi, nani anazima taa, daftari liko wapi. Siku ya pili wakafungua betri pamoja, maji yameisha kabisa, na maji ya betri yanauzwa Mwanga hapo mjini! Wakanunua wenyewe, betri mbili zikafufuka, moja ilikuwa imeshakufa ikabadilishwa, fundi wetu akaandika kwenye karatasi siku za kukagua akaibandika ukutani. Yule mzee muda uliobaki akashinda na wavuvi wa dagaa anajifunza kukunja nyavu, na alikula kila kitu, hadi kisamvu cha jana. Mwaka uliofuata akarudi kuangalia ile karatasi.

Kuna rafiki yangu hupenda kupiga hesabu kwamba nauli ya timu nzima ingelipa mafundi wetu miezi kadhaa. Ni kweli, lakini ile hela isingekuja hata kama wao wasingekuja, watu hutoa wakimuona mtoto wao anasafiri, ndivyo binadamu tulivyo. Kwangu shida kubwa si nauli. Shida ni kwamba sisi wenyeji hatusemi hapana. Tumelelewa mgeni hakataliwi, na tukiongeza na hofu kwamba wakinuna msaada utahamia kanisa la jirani, tunaitikia kila kitu, rangi kwenye ukuta uliopakwa mwaka juzi, tunaitikia. Mimi mwenyewe niliitikia pale kwa bibi.

Sasa timu nyingine imeomba kuja mwezi wa nane. Safari hii kamati ilikaa, tukajibu kwamba waje wasiozidi wanne, ratiba tutapanga sisi, picha za watoto hakuna bila ruhusa ya mzazi, na mwezi huo tunachimba msingi wa nyumba ya mwalimu kwa hiyo watakuwa wasaidizi wa fundi mkuu, akiwatuma mchanga waende. Bado hawajajibu. Nikaenda kumpa bibi habari kwamba huenda akapata wageni tena, nikamuomba radhi na kwa ile tafsiri yangu. Alicheka sana. Akasema, "Wewe waulize kwanza kama wanakula, mi nikishajua ndo ntamtuma mtoto mwaloni."