Peyton Manning: 2004 au 2013?

Waulize mashabiki wa futiboli ya Kimarekani ni msimu upi Peyton Manning alitisha zaidi, wengi watakutajia 2013. Wana sababu. Akiwa kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) wa Denver Broncos alirusha pasi 55 za tachidauni, yaani zilizozaa bao la kufikisha mpira eneo la goli la wapinzani, na kukusanya yadi 5,477 kwa pasi, zote rekodi za msimu mmoja za NFL, ligi kuu ya mchezo huo. Kwenye yadi alimpita kwotabeki mwenzake Drew Brees kwa yadi moja tu, tena baada ya ubishi kama pasi mojawapo ilikwenda mbele au nyuma, maana ya nyuma haihesabiwi.

Mimi nabaki na 2004, enzi zake Indianapolis Colts. Tachidauni 49 ni chache kuliko 55, sawa, lakini alizipata kwa pasi 497, wakati 2013 alirusha 659. Yaani 2004 karibu kila pasi ya kumi ilizaa tachidauni. Denver ikawa kila ya kumi na mbili. Na mechi ya mwisho ya msimu wa 2004 alirusha pasi mbili tu, akapumzishwa.

Wanaonipinga hukumbusha kwamba mwaka huo waamuzi walianza kukaza sheria ya kuwabughudhi wadakaji, mabeki wakabanwa. Ni kweli, ila mabeki wa 2013 nao walibanwa vilevile. Kusema alibebwa na wadakaji hakutufikishi popote: Colts walikuwa na Harrison, Wayne na Stokley, kila mmoja na yadi zaidi ya 1,000, Denver wadakaji wanne walifikisha tachidauni kumi au zaidi.

Kinachonitia shaka na chaguo langu ni shingo yake. Manning alifanyiwa upasuaji mara kadhaa, akakosa msimu wote wa 2011, Colts wakamwacha. Mwaka 2013 alikuwa na miaka 37 na mpira wake haukuwa na kasi ile ya zamani. Richard Sherman, beki wa Seattle, alisema hadharani kuwa pasi zake zinayumbayumba hewani. Manning hakubisha, alijibu kwamba hizohizo zinazoyumba zimempa yadi na tachidauni nyingi. Kusoma ulinzi wa wapinzani kabla mpira haujaanza ndiko kulikombeba, na hilo takwimu za 2004 haziwezi kulifuta.

Mchujoni, yaani mechi za mtoano baada ya msimu wa kawaida, misimu yote miwili iliishia pabaya. Msimu wa 2004 New England Patriots waliwafunga Colts 20-3. Msimu wa 2013 Denver walifika Super Bowl, fainali ya NFL, mpira wa kwanza kabisa ukampita Manning hadi eneo lao wenyewe la goli na kuwapa Seattle pointi mbili za bure. Seattle wakashinda 43-8.