Majina ya wahusika wa fantasia: ubuni yote au utumie tunayoyajua?

Waandishi wa fantasia wamegawanyika kwenye hili, kuna wanaosema dunia ukiibuni na majina ubuni yote, na kuna wanaosema mpe msomaji jina analoweza kulitamka aendelee na stori.

Hawa wa kwanza mi naona hoja yao ni nzito kuliko watu wanavyoichukulia. Ukimwita mfalme wako Yohana na dunia yako haina Biblia wala Israeli, jina limetoka wapi? Hata asiyejiuliza hilo ameshapata picha ya dini na enzi ambayo hukuitaka.

Ila kubuni sio kugongagonga herufi tu, kaka anaitwa Xzyr'qtal afu dada yake Mira, mama mmoja baba mmoja, hapo nakataa kabisa. Majina ya watu yana utaratibu wake. Iceland mpaka leo wengi hawana jina la ukoo, mtoto wa Jón wa kiume ni Jónsson na wa kike Jónsdóttir, ukisikia tu unajua. Na Tolkien, mwandishi wa fantasia ambaye alikuwa profesa Oxford na alitunga lugha nzima za dunia yake, majina ya vibete wake wengi kwenye The Hobbit (1937) aliyatoa kwenye Völuspá, shairi la kale la Kinorse (lugha ya zamani ya Skandinavia), hata jina la mchawi wake Gandalf limo humo. Sasa kama yeye aliazima, nani atakulaumu wewe?

Kuna njia ya katikati, kulipinda jina kidogo, kama George R. R. Martin, mwandishi wa Game of Thrones, alivyofanya na Eddard (Edward) na Petyr (Peter). Inapendeza, lakini inafanya kazi kwa sababu dunia yake inafanana na Ulaya ya zamani, yako kama haifanani na huko utampoteza msomaji.

Kwangu mimi la msingi ni sauti. Chagua kila jamii majina yake yanaishiaje na usitoke hapo, wa pwani wawe kina Dameku na Ilori, wa milimani kina Torg na Hald, yaani siku Ilori akitokea mlimani msomaji anajua huyu mgeni kabla hujaandika chochote. Afu angalia herufi za mwanzo, Sauron na Saruman, waovu wawili wa The Lord of the Rings ya Tolkien, wamechanganya wasomaji wengi sana, so wahusika wako wakubwa wakifanana hivyo badilisha mmoja mapema, kabla hujamzoea.