Umri wa bibi, mikono ya nani?

Mama mkwe alikuja kutoka Mkinga, mkoani Tanga, kumwona mjukuu wake alipofikisha mwaka na nusu. Siku ya pili tu akaniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini mtoto mkubwa namna hii bado anafungwa pampasi. Amezaa saba, akasema, na hakuna aliyefika umri huo akiwa hajajua choo. Jioni ile nikampigia simu dada yangu, ambaye ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Yeye akanionya nisimharakishe, nisubiri mtoto aonyeshe dalili mwenyewe. Wote wawili wanampenda mtoto wangu. Kwa miezi kadhaa niliishi katikati yao nikiamini kwamba lazima mmoja awe anakosea.

Nianze na upande wa mama mkwe, kwa sababu ndio unaodharauliwa siku hizi. Anachokisema si majigambo ya wazee. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto wa Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti wa Marten na Rachel deVries juu ya akina mama wa Kidigo wa pwani ya Kenya, ndugu wa Wadigo wa Mkinga, kwao mama mkwe, ng'ambo ya mpaka. Mama wa Kidigo alianza kumkojolesha mtoto katika wiki za mwanzo baada ya kujifungua. Anaketi chini, ananyoosha miguu, anampakata mtoto katikati akiwa amempa mgongo, kisha anatoa sauti, "shuu". Mtoto akikojoa, ananyonyeshwa na kubembelezwa. Mchana na usiku, mara nyingi, mpaka mtoto anaizoea ile sauti na kuiitikia. Kwa haja kubwa mama anakunja magoti na mtoto anakalia miguu yake. Kufikia miezi mitano au sita, mtoto anakaa mkavu mchana na usiku. Watafiti wakaandika kwamba jamii na malezi vina nguvu katika utayari wa mtoto kuliko madaktari wa wakati ule walivyokuwa wakifikiri.

Wapo wanaojibu kwamba hapo aliyefundishwa ni mama, si mtoto: yeye ndiye anayejua lini ampakate. Ni kweli nusu. Mama amejifunza kusoma uso, mguno na mkunjo wa miguu ya mwanawe. Lakini mtoto naye ameitikia sauti, na kuitikia ni kujifunza. Kilichobaki ni kwamba mtoto wa miezi sita hatembei, havui nguo, hasemi. Bila mtu wa kumwinua, anajikojolea palepale alipo. Kwa hiyo mama mkwe anaposema "amejua choo" na dada yangu anaposema "amejua choo", hawazungumzii jambo moja. Mmoja anamaanisha mtoto na mlezi wake wameelewana. Mwingine anamaanisha mtoto anahisi haja, anaizuia, anakwenda, anashusha suruali na kumaliza bila kushikwa.

Upande wa dada yangu nao una asili yake. Huko Marekani, miaka ya 1930, akina mama walikuwa wakishauriwa kuanza mapema mno na kwa saa maalumu, mtoto awe tayari asiwe tayari. Ukali huo ulizaa watoto waliogoma, waliobana choo, walioogopa. Mwaka 1962 daktari T. Berry Brazelton akaeleza njia nyingine, baada ya kufuatilia watoto 1,170 kwa miaka kumi: usimlazimishe, mwonyeshe kiti chake kuanzia miezi 18 hivi, mwache azoee, songa mbele kadiri anavyokubali. Kwa wastani watoto hao walikauka mchana wakiwa na miezi 28 na nusu. Ushauri wa kliniki nyingi za leo unafuata nyayo hizo. Dalili zinazotajwa ni mtoto kukaa mkavu kama saa mbili, kuelewa maagizo mepesi, kuweza kushusha nguo, kuchukizwa na uchafu, kwenda kujificha nyuma ya pazia anapotaka kwenda haja kubwa.

Njia hii naiheshimu kwa jambo moja kubwa: imemwondolea mtoto kofi. Lakini tuseme na lililo kweli, kusubiri kunamfaa pia anayeuza pampasi. Brazelton mwenyewe baadaye alionekana kwenye matangazo ya pampasi za watoto wakubwa. Hilo haliufanyi utafiti wake kuwa wa uongo. Ila mzazi anayekopa dukani kwa Mangi ili anunue pampasi za wiki ana haki ya kuuliza kama "subiri tu" ni ushauri uliompima yeye na mfuko wake. Na kusubiri si kukaa kimya. Mtoto asiyeonyeshwa poti, asiyeambiwa neno la mkojo, ambaye pampasi inanyonya kila kitu kiasi kwamba hajui amelowa, dalili hizo zitamtoka wapi?

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua, na sijasikia likitajwa sana. Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84 kwa mwenye ajira rasmi. Kenya ni miezi mitatu. Hesabu mwenyewe: njia ya Kidigo inataka miezi mitano au sita ya mtu mmoja aliye karibu na mtoto muda wote, usiku na mchana. Mimi nilirudi kazini mtoto akiwa bado hajajua hata kugeuka. Aliyebaki naye ni dada wa kazi mwenye miaka 19, anayepika, anafua, anapiga deki, na yeye mwenyewe hajawahi kulea. Huyo nani atamwambia akae chini anyooshe miguu mara kumi na tano kwa siku?

Lakini umri wa bibi, ule anaotaka mtoto awe ameshajua choo, haukuondoka na mikono yake. Umebaki mitaani, unatupima. Mtoto wa miaka miwili akionekana na pampasi, mama yake ni mvivu. Deikea niliyoitaka ikaniambia inapokea watoto walioacha pampasi tu. Nikaingiwa na haraka. Nikamvua mtoto pampasi Jumatatu moja na kumwachia dada wa kazi jukumu ambalo sikuwa nimemwelekeza. Mtoto alipojikojolea kwenye kochi alikaripiwa. Alipokwenda haja kubwa kwenye suruali alikaripiwa zaidi, na jioni, nimechoka, nami nikamfokea. Kosa hilo ni langu.

Siku nne mtoto hakupata choo. Alikuwa anasimama kwenye kona, anakaza makalio, analia. Kinyesi kinapobanwa, maji yanazidi kufyonzwa tumboni na choo kinakuwa kigumu. Kikitoka kinachana ngozi. Mtoto anakumbuka maumivu, safari inayofuata anabana zaidi. Ilituchukua wiki kadhaa za dawa ya kulainisha choo, papai, maji na subira kumrudisha alipokuwa. Pampasi tulirudi kumfunga, na daktari akaniambia hilo ni sawa kabisa.

Hapo ndipo nilipoona kwamba mama mkwe na dada yangu hawagombani kama nilivyodhani. Mama wa Kidigo hakumkaripia mtoto aliyekosea, alimnyonyesha aliyepatia. Na dada yangu anachokikataza ni shuruti, si kuanza. Wanaoumiza watoto ni sisi tuliochukua umri wa njia ya bibi bila kuwa na muda ambao njia hiyo inautaka. Kama nyumbani kuna bibi au shangazi mwenye nafasi na moyo, aanze mapema, simwoni ubaya hata kidogo. Kama hakuna, kusubiri hadi kati ya mwaka na nusu na miaka mitatu, kwa maandalizi, ni busara zaidi kuliko kumkabidhi dada wa kazi tarehe ya mwisho.

Kuna mambo ya nyumba zetu ambayo ushauri wa kigeni hauyajui. Tundu la choo cha shimo linamtisha mtoto, na ana haki ya kuogopa: ni kubwa na lina giza. Poti inafaa hapo, au hata kopo pana lenye kingo laini. Choo cha kukalia nacho kinamwacha miguu ikining'inia, na mtoto asiyekanyaga kitu hawezi kusukuma vizuri, basi mwekee kibao. Kinyesi kimwagwe chooni, si shimo la taka wala nyuma ya nyumba. Wengi tumelelewa tukiamini mavi ya mtoto hayana madhara, ilhali yana vijidudu vya kuharisha kama ya mkubwa. Mtoto wa kike achambwe kutoka mbele kwenda nyuma. Na baada ya chai ya asubuhi ndio wakati mzuri wa kumkalisha, kwa kuwa tumbo likipokea chakula utumbo nao huamka.

Jambo la usiku lina njia yake. Kukauka usiku hakufundishwi kwa kumwamsha wala kwa adhabu. Kunategemea homoni inayopunguza mkojo usiku, ukubwa wa kibofu, na uzito wa usingizi. Kibofu cha mtoto wa miaka miwili hubeba kama mililita 90, hata nusu ya kikombe cha chai haifiki. Madaktari hawaiti kukojoa kitandani ugonjwa mpaka mtoto avuke miaka mitano, na hata hapo takriban watoto 15 kwa kila 100 bado wanalowesha kitanda. Wale tuliokua tukiona mtoto anatembezwa mtaani na shuka lililolowa huku wenzake wakimwimbia "kikojozi", tulishuhudia mtoto akiadhibiwa kwa kitu alichokifanya akiwa usingizini.

Wangu sasa ana miaka mitatu na mwezi mmoja. Mchana anakwenda poti mwenyewe, ananiita nimchambe. Usiku bado analala na pampasi. Juzi nilimwambia mama mkwe kwenye simu, nikijiandaa kwa maneno. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba wale saba walijua choo mchana, lakini baba yake huyu aliendelea kukojoa kitandani mpaka alipoanza darasa la kwanza, na kila asubuhi kabla wengine hawajaamka alikuwa anaanika godoro lake nyuma ya jiko.