Dhahabu ya Man: kuadhimisha siku ya kuuzwa

Mwaka 1965 serikali ya Kisiwa cha Man, kile kisiwa kidogo kilicho baharini kati ya Uingereza na Ireland, ilitoa sarafu tatu za dhahabu: ya pauni 5, ya pauni 1 na ya nusu pauni. Zilikuwa kumbukumbu ya miaka 200 ya sheria ya 1765, ambayo kwayo Taji la Uingereza, yaani ufalme wake, lilinunua mamlaka ya kisiwa hicho kutoka kwa Duke wa Atholl, kabaila aliyekitawala. Dhihaka juu ya sarafu hizo zipo za aina mbili. Kuna wanaosema hizo si pesa, na kuna wanaouliza ni watu gani hao wanaofanya sherehe ya siku waliyouzwa.

Dhihaka ya kwanza ina ukweli, ila haina uzito. Sarafu kubwa ina uzito wa karibu gramu 40, sehemu yake kubwa ikiwa dhahabu. Bei rasmi ya wakati ule ilikuwa dola 35 kwa wakia, na pauni moja ilikuwa dola 2.80. Piga hesabu: dhahabu iliyomo ilikaribia pauni 15. Aliyekwenda kununulia samaki bandarini Peel kwa sarafu hiyo, akahesabiwa pauni 5, amejiibia pauni 10. Sawa, haikuwa pesa ya sokoni. Lakini hakuna aliyedanganywa. Aliyeinunua alijua ananunua dhahabu yenye muhuri wa serikali.

Ya pili ndiyo inayochoma. Kabla ya 1765 Man ilikuwa ghala la magendo: chai, brandi na tumbaku zilishushwa kwa ushuru mdogo, kisha usiku zikavushwa kwa mashua hadi pwani za jirani. London ikachoka. Bunge la huko likapitisha sheria, Duke akalipwa pauni 70,000, na mapato ya forodha yakahamia kwa mnunuzi. Wenyeji wakapata bwana mpya.

Hizo pauni 70,000 zinahitaji kutazamwa vizuri. Duke alibakiwa na haki zake za ardhi, kodi za mashamba na madaraka kadhaa ya kanisa. Taji lilipokuja kuyanunua masalio hayo, mwaka 1828, lililipa pauni 417,144. Karibu mara sita! Unaweza kusema bei zilikuwa zimepanda kwa vita vya Napoleon, na kwamba 1765 Duke aliuza akiwa amebanwa ukutani ilhali safari ya pili ukoo wake ulikuwa na miongo ya kuvutana. Ondoa yote hayo, bado tofauti inabaki kubwa mno. Mashamba na kodi vilithaminiwa kuliko haki ya kuwatawala binadamu waliokuwa wakiishi juu yake.

Kwa hiyo ilifaa kuifua habari hii kwenye dhahabu? Mimi naona ilifaa, na wakosoaji wameisoma vibaya. Kuadhimisha si lazima kushangilia. Mauzo yale yaliondoa bwana mmoja na kuleta mwingine, lakini Tynwald, bunge la kisiwa, halikufutwa, wala sarafu zake za shaba hazikukoma mara moja. Zilikoma baadaye, na kwa uchungu. Peni 14 za Man zilikuwa sawa na shilingi moja ya Uingereza. Mwaka 1840 zikafanywa 12. Kibarua aliyelipwa kwa shilingi, aliyekuwa akipata mikate 14 ya peni moja moja, sasa angepata 12. Watu wakaingia barabarani kwa ghasia. Sarafu za mwisho za kisiwa zikabaki zile za 1839.

Kuanzia hapo, zaidi ya miaka 120, Man haikuwa na sarafu yake. Ile ya 1965 ndiyo iliyovunja ukimya huo, miaka minne tu baada ya serikali ya kisiwa kuanza kutoa noti zake yenyewe. Upande mmoja ina sura ya Malkia Elizabeth II, ambaye kule alikuwa Bwana wa Man, cheo kilichofika kwenye Taji kwa ununuzi uleule. Upande wa pili ina miguu mitatu ya Man, iliyovaa deraya na kuungana mapajani. Watu wa Man wamefutiwa nini hapo? Mnunuzi yuko upande mmoja, na waliouzwa upande wa pili. Mwaka 1971 zikafuata sarafu za desimali za kisiwa (pauni moja ya peni 100), na mwaka 1978 sarafu ya pauni moja, miaka mitano kabla London haijatoa ya kwake.

Nisichoweza kukitetea ni kilichokuja baadaye. Mfereji ukishafunguliwa, kila aina ya maji hupita: kufikia 2001 Man ilikuwa ikitoa sarafu za kumbukumbu za Harry Potter, ambaye hana historia yoyote na Tynwald wala na forodha. Hizo zilikuwa biashara ya wakusanyaji, na anayezicheka simzuii. Ila zisiletwe kama ushahidi dhidi ya dhahabu ya 1965, iliyokuwa na pauni 70,000 za kuzizungumzia.