Tangazo la simuni halimfikii bibi wa Jang'ombe

Habari inasema ratiba ya gari la taka na taarifa za huduma za manispaa hapa mjini Zanzibar sasa zitapatikana kwenye simu. Sawa, vijana watafaidika, ila si bibi wa mtaani Jang'ombe. Kwa hiyo zibandikwe pia kwa sheha, yaani mkuu wa shehia, maana huko ndiko tunakopita sote: fomu ya kitambulisho, barua ya utambulisho, hata ugomvi wa mpaka wa ukuta, vyote huanzia pale. Kwa sheha wetu ubao upo, ila karatasi iliyobaki ni ya chanjo, imeshapauka na jua na pembe moja imeng'oka.

Jambo jengine ambalo habari imelipita juu juu: ratiba ya manispaa ipi? Mji huu una manispaa tatu, Mjini, Magharibi A na Magharibi B. Mtu anaishi Magharibi B, duka lake liko Darajani, Manispaa ya Mjini, basi leseni anailipia huku na taka zake za nyumbani zinachukuliwa na wengine. Waandike wazi shehia kwa shehia, la sivyo watu watapigizana kelele ofisini bure.

Na Mji Mkongwe je? Gari haliingii vichochoroni, taka hutolewa kwa mkokoteni. Saa ya mkokoteni ndiyo tunayoitaka, si ya gari, kwani mifuko ikitangulia kutolewa usiku, paka (na mnawajua paka wa Mji Mkongwe) huwa wameshaichambua kabla ya alfajiri. Wakishindwa yote hayo, wampe muadhini ratiba aitangaze baada ya sala ya Ijumaa.