Pakiti Isiyo na Jina Usinipe

"Maua mazuri." Hayo tu ndiyo yaliyoandikwa kwenye pakiti. Jina hakuna, mwezi hakuna, rangi hakuna. Anayepokea apande, amwagilie, angoje wiki nane, ndipo ajue kama alikuwa akilea zinia au gugu. Na hili nalo tunaliita kubadilishana mbegu!

Jamani, kalamu inachukua dakika moja. Andika jina la ua, rangi ya mmea mama, mwezi na mwaka wa kuvuna. Kisha andika lile ambalo watu wengi hulimeza: mmea mama ulitoka kwenye mbegu gani. Kama ilikuwa chotara ya F1, yaani kizazi cha kwanza cha kuchanganya aina mbili, sema. Mbegu za chotara hazimrithi mama sawasawa. Zitatoka ndefu, fupi, zilizopauka, kila mmoja na sura yake. Halafu mwenzako ataamini kosa ni lake, atalaumu udongo, atabadilisha mbolea, kumbe hatia ilikuwa ndani ya bahasha tangu mwanzo. Hata zisizo chotara zina mambo yake. Zinia nyekundu iliyochanua jirani na ya njano, nyuki wakapita huku na huku, watoto wake huwezi kuwaapia rangi. Si aibu. Andika "mchanganyiko" uwe na amani. Aibu ni kuandika "nyekundu tupu" kwa sababu tu ua ulilolichuma lilikuwa jekundu.

Ongeza na neno moja la upandaji pale panapohitajika. Petunia mbegu zake ni kama vumbi na zinataka mwanga, kwa hiyo hazifukiwi. Zinabonyezwa tu juu ya udongo wenye unyevu. Zile zenye ganda gumu, kama za ua la utukufu wa asubuhi (morning glory), zikwaruzwe kidogo kwa msasa au ziloweke usiku mmoja. Asiyejua hilo atazika petunia sentimita mbili chini, na huo utakuwa mwisho wake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mgeni wa mambo haya anaweza kusahau. Mara ya kwanza tunasamehe. Ila wenye bustani za miaka kumi hawana kisingizio.

Sasa ukungu. Mbegu iliyovunwa leo na kufungwa leo kwenye mfuko wa plastiki inafika imeota manyoya. Acha kichwa cha ua kikauke hukohuko kwenye shina hadi kiwe kahawia, kisha tandaza mbegu juu ya karatasi, kivulini penye hewa, wiki moja hadi mbili. Usianike juani, na tafadhali usitie kwenye oveni. Pepeta makapi, maana kuna watu hutuma petali kavu na kuziita mbegu! Bonyeza mbegu kwa kucha: iliyojaa ni ngumu, tupu inabonyea. Tumia bahasha ya karatasi, na kwa mbegu ndogo ziba pembe kwa gundi, la sivyo zitamwagika njiani. Mbegu kubwa zizungushie kadibodi, kwa kuwa mashine za posta za kupanga barua huzisaga.

Kama zimekaa zaidi ya mwaka, zijaribu kabla ya kuzigawa. Weka kumi ndani ya karatasi ya tishu yenye unyevu, funga kwenye mfuko, weka mahali pa joto, na uhesabu baada ya siku saba hadi kumi na nne. Zikiota tatu, mwambie mwenzako na umwongezee idadi.

Mmea wa mbarika una mbegu za madoadoa ambazo mtoto atazitaka mdomoni, na ni sumu kali. Andika SUMU, kwa herufi kubwa. Gugu maji nalo lilisambazwa na watu waliopenda ua lake, tunajua lilipoishia.

Vipandikizi vinataka adabu nyingine. Kata sentimita kumi hadi kumi na tano, chini kidogo ya kifundo, pale jani linapoota, ondoa majani ya chini, kisha funga kitako tu kwa tishu iliyoloweshwa na kukamuliwa. Majani yabaki makavu. Yaliyofungwa yakiwa yamelowa huoza kabla ya siku tatu.

Na mche wenye mizizi? Ukifika, utenge wiki tatu mbali na mingine, ukigeuza majani kutafuta vidung'ata na inzi weupe. Anayetoa ndiye mwenye kazi kubwa zaidi: auchomoe, asuuze udongo, aangalie mizizi. Vivimbe visivyobanduka ukivikwangua kwa kucha ni kazi ya minyoo fundo, vijiminyoo vinavyoshambulia mizizi. Mche huo usimpe mtu, na mizizi yake usiitupe kwenye mboji. Ichome.