Bastola Uipime kwa Kiganja Kwanza, Kaliba Baadaye

Anayetafuta bastola yake ya kwanza karibu kila mara huuliza kaliba gani, yaani kipenyo gani cha risasi, ni bora: milimita 9 au .45 ya inchi. Wanaomjibu hubishana wee, na hakuna anayemwambia autazame mkono wake mwenyewe. Kwangu mimi, kiganja ndicho kinachotangulia.

Hakikisha bastola haina kitu: magazini (kisanduku cha risasi) imetolewa, chemba (panapokaa risasi kabla ya kufyatuliwa) imekaguliwa kwa macho na kwa kidole. Elekeza mtutu upande salama, kisha ushike mpini juu kabisa, mtutu ukienda mstari mmoja na mkono wako hadi kwenye kiwiko. Bila kuusogeza mkono, peleka kidole cha shahada kwenye triga, yaani kifyatulio. Nyama ya pingili ya mwisho ikitua katikati ya triga, mpini unakufaa. Ikifika ncha tu, kila ukifyatua utaisukuma bastola pembeni, na anayetumia mkono wa kulia ataona risasi zake zikienda kushoto. Wengine huuzungusha mkono ili kidole kifike. Hapo teke la bastola, yaani msukumo wake wa kurudi nyuma inapofyatuliwa, huishia kwenye kiungo cha kidole gumba badala ya kupokewa na mkono mzima, na baada ya magazini chache mtu anaanza kuiogopa silaha yake.

Hata majeshi yamelipitia hili. Marekani ilichukua Beretta M9 mwaka 1985, bastola nzuri, lakini mpini wake ni mnene kwa sababu magazini ya risasi 15 huzipanga safu mbili. Askari wenye mikono midogo walilalamika miaka mingi. Mwaka 2017 ilipochaguliwa M17 ya SIG Sauer, mpini wenye saizi tofauti ulikuja nayo. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, nao, baada ya mapambano ya risasi ya maofisa wao huko Miami mwaka 1986, walihamia milimita 10, kisha .40, na katika miaka ya 2010 wakarudi kwenye milimita 9. Sababu mojawapo ni kwamba maofisa wao wengi walilenga vizuri na kwa haraka zaidi nayo.

Kinachoniuma zaidi ni wanawake kuuziwa vibastola vyepesi eti kwa kuwa wana mikono midogo. Uzito ndio unaomeza teke. Rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya alumini ya gramu 400 hivi, ikiwa na risasi za .38 Special, hupiga kwa ukali kuliko bastola ya milimita 9 yenye gramu 650, na triga yake huweza kudai nguvu ya kilo 5 kuivuta. Vibastola vya slaidi (sehemu ya juu inayovutwa nyuma ili kuingiza risasi kwenye chemba) navyo mara nyingi vina springi ngumu kukoki. Hicho ni chombo cha mzoefu, na anayeanza anastahili saizi ya kati.

Kuhusu kukoki, wengi wanaoambiwa hawana nguvu hawajafundishwa tu. Usiivute slaidi kwa ncha za vidole viwili. Ikamate kwa kiganja chote, vidole vyote juu, halafu mkono wa kufyatulia uisukume bastola mbele kwa nguvu. Mwenye maradhi ya viungo, hilo ni jambo jingine, na kwake zipo bastola zenye slaidi laini kama Shield EZ ya Smith & Wesson iliyotoka 2018.

Wa mkono wa kushoto aangalie pia kitufe cha kutoa magazini kiko upande gani.

Ukipata nafasi ya kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha, tazama mkono wako baada ya kila risasi. Ukiona unalazimika kurekebisha mshiko kila mara, mpini haukutoshi, hata kama shabaha imetoboka katikati.

Na kama umeshanunua, usikimbilie kuiuza. Tangu Walther P99 ya miaka ya 1990, bastola nyingi huja na vipande vya kubadilisha nyuma ya mpini. Fungua boksi lake uvitafute. Huenda kile chembamba hakijawahi kutolewa kwenye mfuko wake.